Faili za kazi: zikae kwenye kompyuta na mtandaoni pia

Wenzangu wa Kampala mnaotunza kazi Google Drive, fungueni mipangilio ya programu ya Drive kwenye kompyuta, kisha mchague faili ziakisiwe badala ya kutiririshwa. Zikitiririshwa, faili huwa mtandaoni tu, na bando likiisha unabaki na majina usiyoweza kuyafungua. Zikiakisiwa, nakala kamili inakaa kwenye diski yako. Unaendelea na kazi, na mtandao ukirudi mabadiliko yanapanda yenyewe. Wanaokumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, wanajua kwa nini nasisitiza hili.

Njia hii haifai kama diski imejaa, maana kila kitu kinashushwa, na mara ya kwanza hula bando vibaya sana (tafuta Wi-Fi ya ofisini). Hati za Google Docs nazo hubaki viungo tu: hizo washa matumizi ya nje ya mtandao ndani ya Chrome. Na tafadhali, hii si hifadhi ya akiba. Ukifuta faili kwenye kompyuta, mtandaoni nako inaondoka, ikibaki kwenye pipa la taka siku 30.