Kuomba kibali cha maji ya kumwagilia: ndoo kwanza, fomu baadaye

Ombi langu la kwanza la kibali cha maji lilirudishwa kwa sababu ya namba moja. Penye swali la kiasi ninachohitaji kwa siku, nilinakili uwezo wa pampu kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko chake. Ofisa akaona mtu mwenye nusu hekta anaomba maji ya shamba kubwa, faili likarudi. Nilipomaliza kurekebisha, miche ilikuwa imepitiliza kitaluni: ukiing'oa, mizizi imejisokota hadi imechukua umbo la kikasha. Niliitupa yote. Tangu hapo sishiki fomu kabla sijapima.

Elewa kwanza unachoomba. Katika nchi nyingi, kumiliki ardhi hakukupi haki ya maji yanayopita juu yake au chini yake. Unaomba ruhusa ya kuyatumia kwa kiasi fulani, kwa kazi fulani, kwa muda fulani. Maji ya kunywa na kuoga nyumbani mara nyingi hayadai kibali, lakini ukifunga pampu au ukichepusha mfereji, hali hubadilika. Na kama ni kisima kirefu, uliza mapema: kibali cha kuchimba na kibali cha kutumia huweza kuwa karatasi mbili tofauti.

Sasa nenda kwenye chanzo, na uende mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua kabisa. Kipimo cha masika kitakudanganya wewe na ofisi pia. Kwa kijito kidogo, ziba kwa mawe na udongo, pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, kisha kinga kwa ndoo ya lita 20 huku mwenzako ameshika saa. Chungulia pembeni mwa kizuizi. Maji yakipenya chini ya mawe, ziba tena uanze upya. Rudia mara 5, uchukue wastani, halafu bomoa kizuizi. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, una lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 9,000 kwa saa, au mita za ujazo 216 kwa siku nzima.

Usiombe hizo 216. Hesabu shamba lako. Tuseme ni nusu hekta, yaani mita za mraba 5,000, na mazao yanahitaji milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mazao yanataka lita 25,000. Lakini si maji yote yanayofika kwenye mizizi. Umwagiliaji wa matone kwa kawaida huhesabiwa kuwa na ufanisi wa asilimia 90, wa mifereji asilimia 60. Gawanya lita hizo kwa 0.9 au 0.6, kisha kwa 1,000 upate mita za ujazo: kwa matone utaomba kama mita za ujazo 28 kwa siku, kwa mifereji kama 42. Ambatisha hesabu hiyo pamoja na fomu, hatua kwa hatua. Anayekagua akiona namba imetoka wapi, hana sababu ya kuikisia upya.

Kisha shuka na mkondo kwa miguu. Mimi naipa safari hii uzito kuliko mhuri wowote. Tazama nani anateka, mifugo inanywea wapi, nani mwingine ana pampu. Sehemu nyingi ombi hutangazwa na majirani hupewa nafasi ya kupinga, na ni haki yao, kwa sababu unachochukua juu ndicho kinachokosekana chini. Waonyeshe namba zako kabla hawajazisoma kwenye tangazo. Mwenye mifugo mmoja aliniambia wanyama wake hunywa saa za mchana. Nikaandika kwenye ombi kwamba pampu yangu itafanya kazi alfajiri tu. Hakupinga.

Viambatisho ni kazi ya kawaida: hati ya umiliki au mkataba wa kukodi, kitambulisho, ramani inayoonyesha mahali utakapochukulia maji. Peleka nakala, rudi na yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Risiti ya ada ipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wake hufifia.

Kibali kikitoka, kisome masharti yote kabla ya kuwasha pampu. Tafuta tarehe ya kuisha, kiwango cha juu cha maji, na kazi iliyotajwa. Kilichoandikwa umwagiliaji usikitumie kujaza bwawa la samaki kabla hujaomba kibadilishwe. Kama mita ya kupimia maji ni sharti, siku inapofungwa andika namba inayosomeka, uipige picha, na mfungaji aweke saini kwenye daftari lako. Baada ya hapo soma kila wiki, siku ileile, kabla pampu haijawashwa.