Kumpeleka bibi na wajukuu Waterville Valley majani yanapogeuka rangi

Mwaka jana mama yangu alikuja kututembelea kutoka Soni. Siku tulipompandisha milimani New Hampshire alikaa kimya kwenye kiti cha mbele muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii miti imepigwa na ukame au ina ugonjwa?" Kwetu Usambara jani likigeuka njano ujue kuna jambo: mdudu, kiu, au udongo umechoka. Sasa hapa ni mlima baada ya mlima, njano na nyekundu tupu, na hakuna mtu anayehangaika. Kwa mkulima lile lilikuwa jambo la kutisha kabla halijawa la kupendeza.

Sisi tunaishi Lowell, Massachusetts, na Waterville Valley, kijiji kilicho bondeni katikati ya milima hiyo ya New Hampshire, tumeshakwenda mara nne. Naandika kwa ajili ya familia zetu zilizoko huku Marekani, hasa zenye mgeni mzee nyumbani. Wengi wetu tunapiga zamu mbilimbili mwaka mzima, na watoto wanakua wakijua njia ya shule na ya kanisani tu. Safari hii ni ya saa mbili kwa gari. Inawezekana, ila uipange mapema.

Anza na tarehe

Majani hayangoji ratiba ya kazini. Kule juu huanza kubadilika wiki ya mwisho ya Septemba, na uzuri wenyewe huwa kati ya hapo na katikati ya Oktoba. Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa kuutazama mti ulio mbele ya nyumba. Tukasema, bado ni wa kijani, tusubiri. Ulipoiva tukafunga safari, tukakuta kule matawi matupu na upepo. Milimani baridi inatangulia, kwa hiyo nenda wakati mti wako wa nyumbani haujaanza hata kufikiria.

Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu na shule zimefungwa, kwa hiyo kila mtu anapanda siku hizo. Vyumba hupanda bei na magari yanakwenda kwa kujikokota. Sisi huchukua wikendi inayotangulia, Ijumaa jioni hadi Jumapili. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nimejifunza kuiomba wikendi hiyo mwezi Julai, kabla wenzangu hawajaikumbuka.

Chumba chenye jiko, na uulize bei kamili

Usipange chumba cha kulala tu. Tafuta chenye jiko la kweli, na swali hili liulize kwa simu, usitegemee picha. Mahali pa kwanza tulipofikia waliandika kuna jiko. Tukakuta birika la umeme na mashine ya kupashia chakula. Watoto watatu, siku mbili za kula mgahawani, na fedha iliyotutoka pale ingelipa usiku mwingine mzima. Tena tukadaiwa ada ya kila siku ambayo hatukuwa tumeambiwa. Ukipiga simu sema hivi: "Nitajie jumla nitakayolipa, pamoja na ada zote na kodi." New Hampshire haina kodi ya mauzo dukani, lakini vyumba na chakula cha mgahawani vina kodi ya asilimia 8.5, na kwa familia kubwa hiyo si fedha ya kupuuza.

Jambo la pili ni ngazi. Nyumba nyingi za kule ni za ghorofa, na vyumba vya kulala viko juu. Kwa mzee mwenye magoti mabovu omba cha chini. Bwawa la kuogelea la ndani nalo ni la maana kuliko unavyodhani, maana mvua ikinyesha siku nzima, ndilo litakaloiokoa safari kwa watoto.

Chakula nunua Plymouth, mji ulio njiani, kabla hujapanda, kwenye maduka makubwa. Bondeni ni vitu vichache na ghali. Kutoka nyumbani mimi hubeba mchele, bizari ya pilau iliyokwisha kusagwa, tangawizi, na chupa kubwa ya chai. Hiyo chupa ya chai usiisahau kabisa. Kila tuliposimama Mama alishuka, akatazama, akarudi kushika kikombe kwa mikono miwili, na baada ya hapo alikuwa tayari kushuka tena.

Baridi

Mama alidhani baridi anaijua, kwa sababu ametoka milimani. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Waterville Valley haifiki hata 500. Lakini huku tuko mbali sana na ikweta, na usiku wa Oktoba joto linaweza kushuka hadi sifuri, asubuhi ukakuta vioo vya gari vimeganda. Mchana huohuo jua likitoka unavua koti.

Basi vaeni nguo juu ya nguo, zinazovulika. Nenda duka la mitumba mwezi Septemba utafute sweta za sufu, soksi za sufu na kofia. Jinzi ikilowa kule haikauki, nayo inanyonya joto la mwili. Watoto wavalishe suruali za michezo. Mama hakutaka kuvaa suruali, na sikumlazimisha. Alivaa soksi nzito za kufika kiunoni chini ya gauni, koti refu, kanga moja kichwani na nyingine mapajani akiwa garini. Hakulalamika baridi hata mara moja.

Njia

Fuata barabara kuu ya 93 kuelekea kaskazini hadi njia ya kutokea namba 28, Campton, halafu barabara ya 49, maili kama 11 kando ya Mto Mad hadi inapoishia bondeni. Jitahidi ufike kabla ya giza. Kuna mnyama kule aitwaye moose, jamii ya kulungu lakini mrefu kuliko farasi, na msimu huu madume wanazurura wakitafuta majike. Ni mweusi, na kwa urefu wake taa za gari humulika miguu tu, macho huyaoni yaking'aa. Vibao vya kuonya viko barabarani. Giza likikukuta, punguza mwendo, na abiria wa mbele asisinzie. Dubu nao wapo, kwa hiyo usiku usiache chakula ndani ya gari.

Siku moja, safari moja

Hapa ndipo ninapotaka kusisitiza. Usiwakimbize watu. Mwaka wa pili tulijaza ratiba kutoka asubuhi hadi usiku, na kitinda mimba wetu alilala njia nzima, hakuona kitu. Sasa kila siku ina jambo moja kubwa, na muda unaobaki ni wa kukaa.

Jumamosi ni ya bondeni. Asubuhi baba watoto aliwachukua wakubwa wawili kwenye njia ya miguu iitwayo Cascade Path, inayofuata kijito msituni hadi kwenye maporomoko madogo. Mawe yenye majani mabichi yanateleza kama sabuni, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno. Ni msimu wa uwindaji pia, wavalishe watoto fulana za rangi ya chungwa. Na muwe mmerudi mapema. Jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, lakini milima inalificha kabla ya hapo, na msituni giza huingia ghafla.

Mimi, Mama na mdogo tulibaki Corcoran Pond, kiziwa kilicho katikati ya kijiji. Pana njia tambarare na mahali pa kukaa, na milima yote inaonekana kichwa chini majini. Mama aliinama akaokota jani la mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Akaligeuza. Kingo zilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, lakini kandokando ya mishipa bado kulikuwa na kijani. Akapitisha kidole kwenye kikonyo, mahali kiliposhikana na tawi, akaniambia, "Hili halikunyofolewa. Ona, kidonda kimeshafunga. Mti wenyewe umeliachia."

Wakubwa waliporudi, binti yangu, ambaye shuleni wameshafundishwa, akamweleza bibi yake. Siku zikifupika mti huacha kutengeneza ukijani, na ile njano ilikuwemo ndani tangu mwanzo, imefichwa. Nyekundu yenyewe hutengenezwa upya kwa sukari iliyobaki kwenye jani, ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi huikoleza. Kisha mti hujenga ukuta mwembamba pale kwenye kikonyo na kuliacha jani lianguke, usije ukapoteza maji majira ya baridi. Mama alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho, akamuuliza maswali mawili, kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili, akitafuta maneno. Nyumbani huwa ananijibu kwa Kiingereza.

Jumapili ni ya gari. Rudi barabara ya 93, panda hadi Lincoln, uingie barabara ya 112, wanayoiita Kancamagus. Ni maili 34 na nusu hadi Conway, na njiani hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Jaza tangi Lincoln. Simu nayo hushika mtandao kwa taabu, pakua ramani usiku uliotangulia. Anza kabla ya saa tatu asubuhi, maana sehemu za kuegesha hujaa upesi. Baadhi yake utalipia, na pawe na noti ndogo mfukoni. Si lazima umalize barabara yote. Sisi tulisimama juu kabisa, penye mita 870 hivi, kisha kwenye maporomoko ya Sabbaday, ambako njia ni fupi na imetengenezwa vizuri. Mama alifika hadi ngazi za mbao zinapoanza, akaketi, akasikiliza maji, nasi tukapanda kwa zamu ili asibaki peke yake.

Chakula cha mchana tulikula hapohapo, wali na maharage kutoka kwenye chombo cha moto, kisha tukageuza gari. Ukichelewa kupita saa tisa, utarudi kusini na Massachusetts nzima mbele yako.