Kupima UTI kwa mashine ya kusoma stripu

Mashine hii ya kupima UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haioni bakteria. Inamulika pedi za stripu (kijiti chenye vipande vya kemikali vinavyobadilika rangi kwenye mkojo) na kupima rangi, basi. Ukiipa mkojo uliolala au stripu iliyoingia unyevu, itachapa jibu la uongo, na mgonjwa ataondoka na antibayotiki asizozihitaji.

Hatua ya 1. Mwelekeze mgonjwa kwa mdomo, usimpe kopo tu. Aanzie chooni, akinge mkojo wa katikati, amalizie chooni. Mkojo wa asubuhi ni bora: bakteria wanahitaji kama saa 4 kibofuni ili kugeuza naitreti ya mkojo kuwa naitraiti, ambayo stripu huipima.

Hatua ya 2. Pima ndani ya saa 2. Kwa joto la Mwanza bakteria huzaliana kopo likiwa juu ya meza. Ukichelewa, weka kwenye friji (nyuzi 2 hadi 8), kisha uache urudie joto la chumba kabla ya kuchovya.

Hatua ya 3. Kila asubuhi futa trei, kisha pima kontroli chanya na hasi (vimiminika ambavyo jibu lake linajulikana).

Hatua ya 4. Changanya mkojo, chovya stripu sekunde 1, buruza ukingo wake kwenye mdomo wa kopo, gusisha ubavu kwenye tishu. Usipokausha, kemikali za pedi moja zinahamia ya jirani. Weka kwenye trei, bonyeza kitufe. LEU (pedi ya chembe nyeupe za damu) huhitaji kama dakika 2. Funga chupa ya stripu papo hapo, hasa masika, maana hewa yenyewe inaweza kuifanya pedi ya NIT (ya naitraiti) iwe ya waridi, yaani chanya ya uongo.

Hatua ya 5. NIT chanya kwa mtu mwenye dalili ni ushahidi mzito. NIT hasi haimwondolei UTI: bakteria aina ya Enterococcus hawageuzi naitreti, na vitamini C nyingi huficha rangi. LEU peke yake huenda ni uchafu wa ukeni. Mjamzito na mtoto, otesha mkojo wao kwenye sahani ya kuoteshea bakteria. Kwa kitanzi cha kupakia mkojo cha mikrolita 1, makoloni (vidoa vya bakteria) 100 ni bakteria 100,000 kwa mililita.

Pedi ya damu ikiwa chanya, uliza kwanza kuhusu hedhi, kisha anakoishi. Mtu wa Misungwi au Kwimba anayeingia mabwawani na majarubani, fikiria kichocho cha mkojo. (Kile cha wavuvi wa ziwani ni cha tumbo, mayai yake yako kwenye choo kikubwa.) Omba mkojo mwingine kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na safari hii usitupe matone ya mwisho, ndiyo yenye mayai. Chuja mililita 10, weka kichujio chini ya hadubini.