Somo: Late ya barafu kwa kahawa ya filta ya India Kusini, bila mashine yoyote

Wadau habari za joto. Somo hili niliahidi tangu mwezi wa 3 nikawa naahirisha, sasa hapa Chennai tumeingia mwezi wa 5, zile siku kama 25 ambazo wenyeji wanaziita kathiri, joto linagonga 40 na feni inazungusha upepo wa moto tu, yaani saa nane mchana kahawa ya moto haipandi kabisa. Na bila kahawa mimi sifanyi kazi. Ndo nikajifunza kuigeuza late ya barafu, yaani kahawa baridi yenye maziwa mengi, nikaharibu sana, na humu nawaandikia na yale niliyoharibu ili nyie msirudie.

Kwanza tuelewane kuhusu kahawa yenyewe. Watu wa kusini huku (Tamil Nadu, Karnataka, na majirani zao) hawanywi kahawa kama tunavyoijua ile ya kwenye dele na kashata pembeni. Wao wanaiita kaapi, inatoka kwenye filta, na ina maziwa mengi. Filta ni vyombo viwili vya stili, au vya shaba kwa wanaopenda ya kizamani, kimoja kinakaa juu ya kingine. Cha juu kina matundu madogo sana kwenye kitako, na ndani kuna kisahani chenye matundu na mshikio katikati, ukikitazama ni kimwavuli. Juu mfuniko. Basi, hakuna karatasi, hakuna umeme, hakuna presha. Unaweka kahawa juu, unamwaga maji ya moto, unaenda kuoga, ukirudi chini umepata maji mazito meusi kama molasi. Hayo maji wanaita dikoksheni na ndo roho ya kila kitu, ukiiharibu hapo hakuna maziwa wala barafu itakayokuokoa.

Kahawa ya huku mara nyingi imechanganywa na chikori, ni mzizi unaokaangwa na kusagwa. Haina kafeini hata kidogo, kazi yake ni kuongeza uzito, weusi na kauchungu kenye utamu kwa mbali. Ukisoma pakiti wameandika kabisa, kahawa asilimia 80 chikori 20, au 70 kwa 30, mpaka zile za bei rahisi za 53 kwa 47, sheria yao inataka kahawa isishuke 51. Kwa late ya barafu mimi nasema chukua 80 kwa 20. Ya moto hata 60 kwa 40 inanyweka, ila ikipoa chikori ikizidi unaanza kusikia ladha ya kama sukari iliyoungua halafu imeloa. Maduka ya mtaa wa Mylapore wanakusagia hapohapo unaona, unawatajia tu namba unazotaka, na harufu ya pale ukipita asubuhi na njaa unaweza kulia.

Haya, vipimo. Hivi ni vya glasi mbili:
kahawa ya kusaga gramu 40, kama huna mzani ni vijiko vya chakula 7 vya kusawazisha
maji mililita 200
maziwa yenye mafuta yote mililita 280
sukari au sukari guru, kiasi chako
barafu ya kutosha, usibanie

Hatua ya kwanza, kupakia filta. Hakikisha chombo cha juu kimekauka kabisa. Mimina kahawa, gonga ubavuni ijisawazishe, afu weka kimwavuli juu na ubonyeze kwa uzito wa kidole tu. Hapa ndo nilipofeli mwaka wangu wa kwanza. Niliona ile ya migahawani wanashindilia kahawa kwenye mashine nikasema na mimi nishindilie, nikabonyeza na kijiko kwa nguvu zote, nikamwaga maji nikalala. Asubuhi maji yako palepale juu yananiangalia. Bibi mwenye nyumba wangu (huku bibi ni paati) akaja, akacheka, akashika chombo cha juu akakizungusha robo na kukiinua kidogo, ikatoka hewa pfff, matone yakaanza. Kumbe kulikuwa na matatizo mawili, kahawa nimeshindilia sana, na vile vyombo vilikuwa vimebanana mpaka hewa ya chini haina pa kutokea, na kama hewa haitoki maji hayashuki. Tangu siku hiyo naviweka vikiwa vimekaa legelege.

Hatua ya pili, maji. Chemsha, zima, subiri nusu dakika. Mwaga kwanza kidogo tu, vijiko viwili vitatu, kwa kuzungusha, kahawa iloe na kuvimba. Hesabu mpaka 30. Kisha mwaga yaliyobaki polepole juu ya kimwavuli sio kando, ukimwaga kando yanatoboa njia yanapita bila kuchukua kitu. Kama hayaingii yote kwa mkupuo yagawe mara mbili. Funika.

Sasa kaa mbali. Dakika 20 mpaka 40, wengine huku wanaweka usiku wanaamka nayo. Ikishuka yote ndani ya dakika 5 ujue kahawa ilisagwa nene au hukubonyeza kabisa, hiyo kunywa ya moto, kwa barafu haifai. Na usishtuke ukiona umemwaga 200 umepata kama 120, kahawa inakunywa maji mara mbili ya uzito wake, hujaibiwa.

Hatua ya tatu, utamu, na uufanye sasa hivi dikoksheni ikiwa ya moto. Sukari kwenye maziwa baridi haiyeyuki, utakuta imelala chini ya glasi na wewe juu unakunywa chungu, mwisho unatafuna sukari. Vijiko vidogo viwili kwa glasi vinatosha. Mimi napenda sukari guru, huku kuna ya mnazi na ya mvumo wanaita karupatti, nyeusi ina kamoshi fulani, ikikutana na kahawa baridi weee. Kwangua nyembamba, koroga mpaka iishe, chuja maana huwa na vijiti na mchanga.

Hatua ya nne ni kupoza, na nawaomba msiiruke. Kila mtu anairuka. Watu wanachukua dikoksheni ya moto wanaimwaga juu ya barafu afu wanalalamika late yao ina ladha ya maji ya kusuuzia kikombe. Nilikaa nikapiga hesabu ya fizikia ya form three: mililita 60 za dikoksheni zenye nyuzi 70 zinayeyusha kama gramu 50 za barafu mpaka zipoe. Yaani umeongeza maji karibu sawa na kahawa yenyewe, kabla hata hujaweka maziwa! Ukiiacha mezani ikafika nyuzi 30 inayeyusha kama 20 na kitu. Ukiitoa kwenye friji, gramu 4 au 5 tu. Kwa hiyo ipoe mezani, ifunike, iingie friji saa mbili. Ukiitengeneza jioni unakunywa kesho yake, inakaa siku mbili vizuri, ya tatu inaanza kupoteza ladha.

Maziwa nayo yawe baridi. Kama ni ya kuchemsha, chemsha, poza, toa malai (ule utando wa juu), weka friji. Malai kwenye chai sawa, kwenye late ya barafu inaelea vipande unadhani kuna karatasi. Hapa natumia pakiti ya rangi ya chungwa ya Aavin, kampuni ya maziwa ya huku, ndo ya mafuta yote. Yale mepesi yatakupa kitu cha rangi ya kahawa chenye majonzi.

Mwisho, kuchanganya. Wenyeji kahawa ya moto wanaimimina kutoka kwenye bilauri ya chuma kwenda kwenye kibakuli chake, dabara, mkono mmoja juu mwingine chini, inapata povu na kupoa hapohapo. Ya baridi usijaribu, utajimwagia. Chukua chupa ya siagi ya karanga iliyoisha (ioshe jamani), weka dikoksheni 60, maziwa 140, barafu mbili tatu, funga, tikisa huku unahesabu mpaka ufike 20. Glasi ijaze barafu mpya, mimina. Povu linakaa juu lenyewe. Ukitaka ile ya picha yenye matabaka, anza na barafu, maziwa, halafu dikoksheni juu taratibu kwenye mgongo wa kijiko. Inapendeza ila kwa kunywa ya kutikisa inashinda.

Maswali yenu, nimeyajibu hapa chini.

Kutoka Kigamboni: Dada sina hiyo filta na sitegemei kuja India, nifanyeje?

Chukua kahawa hizo gramu 40, maji yaleyale 200, loweka kwenye kikombe kilichofunikwa dakika 10, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Usikamue sana, itatoa tope. Haitakuwa nzito kama ya filta, kwa hiyo weka 75 badala ya 60 na maziwa punguza. Chujio la chai peke yake halifai, utatafuna.

Kutoka Bukoba: Sisi huku robusta ni ya kwetu shambani, haina chikori, itakubali?

Itakubali sana mkuu, na huku kwenyewe mchanganyiko mwingi una robusta ndani, ndo inayoleta ule ukali na povu. Angalia mambo mawili. Bila chikori maji yanashuka haraka, maana chikori inavimba inaziba njia, kwa hiyo saga laini kidogo zaidi. Na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, usinywe saa kumi na moja jioni halafu uje kuniuliza kwa nini hujalala.

Kutoka Mwanza: Niliweka kahawa ya kopo ile ya kuyeyusha kwenye filta ya rafiki yangu, yote imeshuka chini. Imeharibika?

😂😂 Hapana, imefanya kazi yake. Hiyo imetengenezwa iyeyuke, hakuna cha kuchuja. Tafuta iliyoandikwa ya kusaga.

Kutoka Mombasa: Na unga wa kahawa tungu yetu je, nikitia na tangawizi na iliki?

Iliki nakubali, ponda punje mbili weka pamoja na kahawa. Tangawizi mbichi na maziwa sijaipenda, tangawizi kavu kidogo sawa. Tatizo ni usagaji, ile ya dele huwa laini kama unga wa sembe, kwenye filta inaziba matundu au inapita yote. Unayotaka ni laini kuliko sukari ya mezani lakini ukiisugua kwa vidole bado unasikia chenga.

Kutoka Muscat: Shoga, nimetumia sukari guru maziwa yamekatika, nimemwaga lita nzima.

Pole mwaya. Bila shaka ulichemsha navyo pamoja. Sukari guru ina uchachu kidogo na chumvichumvi, ikikutana na maziwa yanayochemka yanakatika. Iyeyushe kwenye dikoksheni, ipoe, maziwa baridi ndo yaingie mwisho. Na ile kahwa ya hapo Oman usiitumie kwa hii, imekaangwa kidogo sana, kwenye maziwa inapotea.

Kutoka Nairobi: Kwa heshima zote, hii si late. Late inataka espreso, na espreso inataka presha.

Kwa kitabu uko sahihi kaka. Hapa hakuna presha, matone yanashuka kwa uzito wao wenyewe. Lakini ukichukua gramu 40 ukapata mililita 120, hiyo ni nzito kiasi cha kusimama mbele ya maziwa mara mbili yake na zaidi, na mdomo ndo unaouliza hilo, kitabu hakinywi. Iite maziwa ya kahawa kama itakusaidia kulala.

Kutoka Arusha: Filta yangu ilikuwa nzuri, sasa inachukua saa tatu. Sijabadilisha kahawa.

Matundu yameziba na mafuta ya kahawa. Ukiielekeza kwenye dirisha utaona matundu mengine hayapitishi mwanga. Kama ni ya stili, shika kwa koleo, kitako kipitishe juu ya moto wa gesi dakika moja, uchafu unaungua, acha ipoe yenyewe kisha sugua kwa brashi. Ya shaba usiichome, hiyo wenyeji wanaisugua nje kwa ukwaju mpaka inang'aa, na ndani hakikisha ina ule mpako mweupe wa bati, ukichakaa ipeleke ipakwe tena.

Kutoka Tanga: Barafu ikiyeyuka bado inakuwa maji mwishoni, mimi nakunywa taratibu.

Basi tengeneza dikoksheni ya ziada, igandishe kwenye kile chombo cha barafu. Ikiyeyuka inazidi kuwa kahawa. Ila anza na kahawa pungufu kidogo, la sivyo nusu ya mwisho itakukunja uso.

Kutoka Dar: Unakuja lini na ulete filta ngapi?

Mwezi wa 12 Mungu akipenda. Tano. Mbili mama mkwe kashazichukua kabla hata sijazinunua, kwa hiyo gombaneni na hizo tatu.