Kwenda kuicheki Certosa di Pavia, monasteri ya zamani huko Italia, usikimbilie tu picha za mbele

Ukiwa Milan panda treni ya S13, shuka stesheni ya Certosa di Pavia alafu fuata ukuta wa monasteri kwa mguu, unazunguka kweli ila utafika. Funika mabega, ni kanisa hilo. Watu wote wanaganda pale mbele kwenye marumaru, sawa ni kali, Gian Galeazzo Visconti, mtawala wa Milan, aliianzisha monasteri hii 1396 na hela ilikuwepo, lakini we usiondoke bila kuingia ule ua mkubwa wa nyuma, kuna vijumba 24, enzi hizo kila mmonaki Mkartusi (shirika la watawa wa kuishi kimya na upweke) alikuwa na chake na kabustani kake, alafu cheki pembeni ya mlango utaona kidirisha, chakula kilipitishiwa hapo ili mtu asivunje ukimya wake. Mi ningeboeka siku ya pili.