Siku Moja Salta: Namna ya Kuipanga Kuanzia Usiku

Wageni wengi ninaowaongoza mjini Salta, kaskazini-magharibi mwa Argentina, hufika na mpango uleule: kumaliza makanisa yote kabla ya jua kutua, kisha kula mapema na kulala. Matokeo yake ni kwamba wanaingia kitandani saa ambayo mji ndio kwanza unachangamka. Kwa hiyo siku ya Salta hupangwa kuanzia mwisho wake.

Hatua ya kwanza, kabla hata ya kutoka hotelini, ni kuweka nafasi ya meza katika peña. Peña ni nyumba ya kulia chakula na kunywa mvinyo ambamo muziki wa jadi hupigwa na wateja hucheza, na nyingi zipo katika mtaa wa Balcarce, karibu na stesheni ya reli. Zile za Balcarce zina jukwaa na vipaza sauti. Mimi hupenda zaidi La Casona del Molino, nyumba kongwe yenye vyumba vingi ambamo wapigaji hukaa mezani kama wateja wengine na kupokezana gitaa. Usitarajie muziki kukolea kabla ya saa 4 usiku.

Hatua ya pili ni uwanja wa 9 de Julio, asubuhi. Mji ulianzishwa na Mhispania Hernando de Lerma tarehe 16 Aprili 1582, na kwa desturi ya miji ya wakoloni hao, mamlaka zote zilipangwa kuuzunguka uwanja mmoja. Upande mmoja liko Cabildo, jengo la baraza la mji la zama za ukoloni, ambalo sasa ni makumbusho. Upande wa pili liko Kanisa Kuu la rangi ya waridi, ambamo yamehifadhiwa mabaki ya Martín Miguel de Güemes, aliyewaongoza wapanda farasi wa eneo hilo dhidi ya majeshi ya Hispania na kufariki kwa jeraha la risasi mwaka 1821. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, hivyo chagua siku nyingine.

Katika uwanja huohuo yapo makumbusho ya akiolojia ya milima mirefu, yaitwayo MAAM kwa kifupi, yanayohifadhi miili ya watoto watatu waliotolewa sadaka na Wainka yapata miaka 500 iliyopita, na kupatikana mwaka 1999 kwenye kilele cha volkano ya Llullaillaco, mita 6,739 juu ya usawa wa bahari. Huonyeshwa mmoja tu kwa zamu, ndani ya kasha lenye baridi kali. Wapo wenyeji wa asili wanaopinga maonyesho hayo, na mgeni asiyetaka kumtazama mtoto huyo anaweza kuishia kwenye vyumba vya nguo na vinyago vidogo bila kupungukiwa na historia yenyewe.

Kutoka hapo fuata mtaa wa Caseros, upite kanisa jekundu la San Francisco na mnara wake mrefu, hadi nyumba ya watawa ya San Bernardo, ambayo mlango wake wa mbao uliochongwa una tarehe ya 1762.

Mchana kula empanada, ambazo hapa ni ndogo, huwekwa nyama iliyokatwa kwa kisu, viazi na bizari ya pilau, na huokwa katika tanuri la udongo badala ya kukaangwa kama sambusa. Kisha lala. Maduka hufungwa kwa saa kadhaa, nawe huna utakalopoteza. Jioni panda teleferiki, yaani kibanda kinachoning'inia kwenye kebo, hadi kilima cha Cerro San Bernardo uutazame mji kwa juu, ukiwa na sweta, kwa maana usiku wa Juni hadi Agosti una baridi.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye kazi. Chukua leso ya mkononi, kwa sababu zamba, ambayo si samba ya Brazili bali ngoma ya wawili iliyotokana na zamacueca ya Peru, huchezwa kwa leso: mwanamume humzunguka mwanamke akimbembeleza kwa leso hiyo, naye hujibu kwa yake bila kuguswa. Sikiliza bombo legüero, ngoma ya gogo lililochimbwa na kuwambwa ngozi yenye manyoya, kwani ndiyo inayobeba hatua za miguu. Ikipigwa chacarera, ngoma nyingine iliyo ya kasi zaidi, piga makofi wakati wa utangulizi, na usisogee mpaka uisikie sauti ikiita «¡Adentro!», yaani «Ndani!», ndipo wachezaji huanza. Ukialikwa, kubali. Kila zamba huwa na sehemu ya pili inayorudia mpangilio wa kwanza kwa ukamilifu, hivyo aliyekosea mwanzoni asirudi mezani; na abaki amesimama na leso yake mpaka iitwe «la segunda», yaani «ya pili».