Namna ya Kuchagua Simu Janja ya Bei ya Kati kwa Mkazi wa Dodoma

Mwaka juzi shangazi yangu, ambaye analima zabibu Hombolo, aliniomba nimsindikize mjini kununua simu. Alikuwa ametenga shilingi laki nne kutoka kwenye mauzo ya msimu, na mahitaji yake yalikuwa matatu: kupiga picha za zabibu na kuwatumia wanunuzi kwa WhatsApp, kupokea malipo, na simu kukaa na chaji hadi jioni. Katika duka tuliloingia, muuzaji hakumuuliza lolote kati ya hayo. Alitoa boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa 8GB na 50MP, akaisifu simu kwa dakika mbili, nasi tukalipa. Haikupita miezi minane shangazi akanipigia: "Mwanangu, mteja anasubiri picha na simu inazunguka tu." Nilipoichukua na kuikagua, nikagundua kwamba RAM halisi ilikuwa 4GB, hifadhi ilikuwa 64GB na ilikwisha kujaa, na habari zote hizo zilikuwepo kwenye boksi tangu mwanzo, kwa maandishi madogo ambayo sikuyasoma.

Tangu siku ile sinunui simu wala sishauri mtu anunue kabla ya kukaa na karatasi na kuandika kazi tatu ambazo simu itafanya kila siku, mahali itakapofanyia kazi hizo, na miaka ambayo mnunuzi anataka idumu. Katika makala haya, simu ya bei ya kati ni ile inayouzwa takriban kati ya laki nne na laki tisa. Kwa fedha hiyo hupati kila kitu, kwa hiyo ni lazima uamue nini kitangulie, na uamuzi huo wa mwalimu wa Chemba hauwezi kufanana na wa mwanafunzi wa UDOM au wa dereva wa bodaboda wa Majengo.

Kumbukumbu na hifadhi

Nianze na jambo lililomuumiza shangazi, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi. RAM ni kumbukumbu ambayo simu hutumia kushikilia programu zilizo wazi kwa wakati huo, na hifadhi ni mahali zinapokaa picha, video na programu zenyewe hata simu ikizimwa. Watengenezaji wengi siku hizi huipa simu uwezo wa kuazima sehemu ya hifadhi na kuitumia kama RAM, kisha hujumlisha vyote viwili na kuandika jumla hiyo mbele ya boksi. Hivyo 8GB inaweza kuwa 4GB halisi na 4GB za kuazima, na 16GB inaweza kuwa 8GB na 8GB. Sehemu ya kuazima ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM halisi, na haiwezi kuwa mbadala wake. Geuza boksi utafute alama ya kujumlisha, au mwombe muuzaji afungue Mipangilio kisha Kuhusu Simu, usome mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mtu anayetaka simu idumu miaka mitatu asishuke chini ya 6GB za RAM halisi, na akipata 8GB ni bora zaidi. Kwa upande wa hifadhi, 128GB ndiyo ngazi ya chini. Mfumo wenyewe na programu zinazokuja nao huchukua sehemu kubwa kabla hujapiga hata picha moja, na baada ya hapo huja vikundi vya WhatsApp: kikundi cha ukoo, cha kamati ya harusi, cha VICOBA, cha wazazi wa darasa la nne, kila kimoja kikishusha video usiku na mchana. Hifadhi ikikaribia kujaa simu nzima huwa nzito, hata kama RAM inatosha. Kadi ya kumbukumbu husaidia kutunza picha na muziki, lakini isihesabiwe kama hifadhi kamili, kwa kuwa programu nyingi huendelea kukaa ndani ya simu. Aidha, katika baadhi ya simu tundu la kadi ndilo hilohilo la laini ya pili, na mwenye laini mbili hulazimika kuacha kimoja. Ukikuta simu mbili za bei moja, moja ikiwa na hifadhi ya aina ya eMMC na nyingine UFS, chukua ya UFS. Ni ya kasi zaidi katika kufungua programu na kuhifadhi picha.

Jua, vumbi na chaji

Simu zinatangazwa kwa picha zilizopigwa ndani ya nyumba zenye kivuli. Dodoma jua ni kali, na kuanzia Mei mpaka Novemba vumbi huingia kila mahali. Kwa hiyo naomba jambo moja lifanyike kabla ya fedha kutoka mfukoni: toka na simu nje ya duka, simama juani saa sita mchana, ongeza mwangaza hadi mwisho, kisha ufungue ujumbe mrefu wa maandishi na ujaribu kuusoma bila kuukinga kwa kiganja. Nilifanya hivyo na simu mbili zilizokuwa na bei karibu sawa. Moja ilionyesha uso wangu kama kioo cha ukutani, na maandishi nikayakisia tu. Ya pili niliisoma mstari kwa mstari. Kwa kawaida vioo vya AMOLED vina weusi mzito na rangi zilizokolea, ingawa si kila AMOLED inang'aa kuliko kila LCD, na ndiyo maana jaribio la juani lina thamani kuliko jina la teknolojia. Muuzaji akikataa kukuruhusu utoke na simu mlangoni, mwombe atoke nayo yeye.

Kuna gharama moja ambayo watu huikumbuka siku ya kilio. Kioo cha AMOLED kikipasuka, kukibadilisha ni ghali kuliko cha LCD, na kwa baadhi ya simu gharama hiyo hukaribia nusu ya bei ya simu yenyewe. Kabla ya kwenda dukani, pita kwa fundi simu unayemwamini, mtajie aina mbili au tatu ulizozipenda, umuulize bei ya kioo na kama vipuri vyake vinapatikana hapahapa mjini au huagizwa Dar es Salaam. Fundi aliyekaa na bisibisi miaka kumi anajua pia ni simu zipi huja kwake kila wiki na kwa tatizo lipi.

Kuhusu vumbi, angalia herufi IP zikifuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. IP54 maana yake vumbi linaweza kupenya kidogo lakini si kwa kiasi cha kuharibu, na maji ya kurushiwa hayaleti madhara. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na simu huweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Mtu wa ofisini anaweza kuipita tarakimu hii. Anayeshinda shambani, kwenye pikipiki au katika ghala la mahindi kule Kibaigwa asiipite, maana tundu la chaji likijaa vumbi ndipo safari za kwa fundi zinapoanza.

Betri za daraja hili nyingi zina ujazo wa 5,000 mAh au zaidi, na ujazo huo unamtosha mtu wa kawaida kwa siku nzima. Kinachotofautiana zaidi ni kasi ya kuchaji: kwa chaja ya wati 10 betri hiyo huchukua zaidi ya saa mbili kujaa, ilhali kwa wati 33 huchukua saa moja na kidogo. Kwa anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara, saa hiyo moja ni kubwa. Boksi za Samsung za daraja hili haziji na kichwa cha chaja, hivyo weka bei yake kwenye hesabu tangu mwanzo na ununue halisi. Joto nalo huzeesha betri mapema, kwa hiyo simu isiachwe juani mbele ya dereva wala isichajiwe chini ya mto.

Kamera

Hapa sitakaa sana. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya takriban megapikseli 12, na ya 108 huunganisha tisa na kufikia palepale. Lenzi za ziada za megapikseli 2 zipo zaidi kwa ajili ya kuhesabiwa. Piga picha ya kitu unachouza au unachopenda kupiga, ndani ya duka penye mwanga hafifu, ivute kwa vidole uone kama imebaki safi. Waendesha bodaboda wajue jambo moja zaidi: mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye kiimarishi cha lenzi, yaani kifaa kinachotuliza lenzi mkono ukitikisika, na kwa pikipiki ndogo ilishauri mwenyewe atumie kishikio kinachopunguza mtetemo. Simu nyingine zenye kiimarishi cha namna hiyo zinastahili uangalifu huohuo.

Miaka ya masasisho

Swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni hili: mtengenezaji ataendelea kuiletea simu hii masasisho ya usalama mpaka lini? Sisi tunaweka fedha ndani ya simu. Mshahara, michango na mauzo hupita humo, na simu isiyopata masasisho hubaki na mianya ambayo wezi wanaijua. Isitoshe, programu za benki na hata WhatsApp huacha kukubali matoleo ya zamani ya Android. Ahadi hutofautiana sana baina ya kampuni, na hata ndani ya kampuni moja. Kwa mfano, Galaxy A36 na A56 za Samsung, zilizotoka Machi 2025, ziliahidiwa miaka sita, wakati simu nyingine za bei inayokaribiana huahidiwa miwili au mitatu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotolewa na mtengenezaji, wala si tangu siku uliyoinunua. Simu ya mwaka 2023 inayouzwa leo kwa punguzo imekwisha kula sehemu ya umri wake ikiwa kabatini.

Kuhusu 5G, huduma hiyo ilianza nchini mwaka 2022, lakini lipia 5G iwapo tu mtandao wako umeifikisha mahali unapoishi na kufanya kazi. Kwa mtu ambaye wiki yake inapita kati ya Kondoa na vijiji vya Chemba, fedha hiyo ina faida zaidi ikienda kwenye RAM au betri.

Siku ya kununua

Simu zilizotumika kutoka nje ya nchi huvutia, kwani kwa laki sita unaweza kupata iliyokuwa ya daraja la juu. Sizikatai, ila zinataka ukaguzi wa makini. Weka laini yako mwenyewe na upige simu, maana baadhi zimefungwa kwa mtandao wa nchi zilikotoka. Mwambie muuzaji airejeshe katika hali ya kiwandani mbele yako; ikiomba akaunti ya Google ya mtu mwingine, rudisha na uondoke. Na uchukulie kwamba betri itahitaji kubadilishwa.

Kwa wanaonunua kwa kulipa kidogo kidogo, zidisheni kabla ya kusaini. Kianzio cha shilingi 100,000 na malipo ya shilingi 2,000 kila siku kwa siku 365 ni jumla ya shilingi 830,000. Linganisha jumla ya mkataba wako na bei taslimu ya simu ileile, na uulize wazi kama simu hujifunga malipo yakichelewa.

Iwe mpya au iliyotumika, bonyeza *#06# kupata namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ulinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakutajia aina ya simu, na aina hiyo ifanane na uliyoshika mkononi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Juni 2016, na tangu hapo hakuna sababu ya mtu kununua simu bila kutuma ujumbe huo. Baada ya hapo piga simu ukiwa dukani usikilize sauti pande zote mbili, jaribu laini zote mbili, alama ya kidole, spika na tundu la chaji.

Mwisho dai risiti ya EFD, na karatasi ya waranti igongwe muhuri na kuandikwa tarehe, huku ukiuliza kituo cha matengenezo kilicho karibu kipo wapi. Boksi usilitupe. Liweke ndani na risiti yake, kwa sababu simu ikiibwa, IMEI iliyobandikwa pale ndiyo utakayoulizwa kituo cha polisi.